Supu ya Mayai kwa Mgonjwa Aliyepoteza Hamu ya Kula: Namna ya Kuipika na Tahadhari Zake

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtu akiugua huandaliwa supu. Huchemshwa mifupa ya ng'ombe, kuku wa kienyeji au samaki, kisha mgonjwa hupewa yale maji ya moto, na nyama huliwa na wazima kwa hoja kwamba mgonjwa hawezi kutafuna. Desturi hiyo ina huruma ndani yake, tena ina faida: maji ya moto yenye chumvi kidogo hulainisha koo na humrudishia mgonjwa sehemu ya maji aliyoyapoteza kwa homa. Hata hivyo, ina kasoro moja ambayo sisi tunaohudumia wagonjwa huiona mara kwa mara wodini. Mgonjwa hunywa supu asubuhi na jioni, familia huridhika kwamba amekula, na bado uzito wake hupungua, misuli ya mapaja husinyaa na kidonda cha upasuaji huchelewa kupona.

Makala haya yanaeleza njia moja rahisi ya kuirekebisha kasoro hiyo, nayo ni kuingiza mayai katika supu. Chakula hiki huiva kwa muda usiozidi dakika 20, hakihitaji kutafunwa sana, na vitu vyake hupatikana katika genge lolote la mtaani. Lakini, kama ilivyo kwa dawa, kina kipimo chake, kina namna yake ya kutayarishwa, na wapo wagonjwa wasiopaswa kupewa.

Kwa nini maji ya mifupa pekee hayatoshi

Swali hili si geni katika historia ya tiba. Mwanzoni mwa karne ya 19, baadhi ya hospitali za Paris zilikuwa zikiwalisha wagonjwa na maskini supu ya jelatini, yaani ule utomvu unaotoka katika mifupa na ngozi vikichemshwa kwa muda mrefu, ambao supu ikipoa huganda. Iliaminika kwamba jelatini ingeweza kuchukua nafasi ya nyama kwa gharama ndogo. Iliundwa kamati ya wanasayansi ya kulichunguza jambo hilo, ikiongozwa na mwanafiziolojia François Magendie, na taarifa yake ya mwaka 1841 ilionyesha kwamba mbwa waliolishwa jelatini peke yake hawakuweza kuendelea kuishi.

Sababu ilijulikana baadaye. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kati ya hizo, zipo 9 ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, hivyo ni lazima zipatikane katika chakula. Jelatini haina kabisa mojawapo ya hizo 9, iitwayo triptofani. Kwa hiyo supu ya mifupa inayoganda vizuri ikipoa, ambayo wengi huichukulia kuwa ndiyo yenye nguvu, haiwezi peke yake kujenga misuli, kuziba kidonda wala kutengeneza kinga za mwili.

Yai, kwa upande wake, lina asidi amino zote 9, tena kwa uwiano unaokaribiana sana na mahitaji ya mwili. Yai 1 kubwa, ganda likiondolewa, lina uzito wa takriban gramu 50. Ndani yake mna protini takriban gramu 6, mafuta takriban gramu 5, na nishati ya takriban kilokalori 70. Kiini hubeba pia vitamini A, D na B12. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo yai haliwezi kuyatimiza. Halina vitamini C wala nyuzinyuzi, kalsiamu yake ni kidogo, na madini yake ya chuma hayanyonywi vizuri na utumbo. Mgonjwa aliyeandikiwa vidonge vya kuongeza damu asiviache kwa kuwa anakula mayai.

Ni vyema pia kufanya hesabu kabla ya kupika. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wakati wa maradhi mazito au baada ya upasuaji, mahitaji hayo hupanda na mara nyingi hufikia gramu 1.2 hadi 1.5. Mgonjwa mwenye uzito wa kilo 50 atahitaji basi gramu 60 hadi 75 kwa siku. Bakuli la supu lenye mayai 2 litampatia takriban gramu 12, yaani kati ya sehemu moja ya sita na sehemu moja ya tano ya mahitaji yake. Supu hii ni nguzo moja tu katika mlo wa siku. Maharage, dengu, maziwa, samaki, dagaa na karanga zina nafasi zao palepale.

Yai liive

Kuna imani iliyoenea kwamba yai bichi, hasa la kienyeji, lina nguvu kuliko lililopikwa, na wapo wanaolimeza kama dawa ya kikohozi, ya upungufu wa damu au ya uchovu. Imani hiyo haina msingi, nayo ina hatari. Uchunguzi uliofanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mwili ulinyonya takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, lakini takriban asilimia 50 tu ya protini ya yai bichi. Aidha, ute mbichi una kitu kiitwacho avidini, ambacho hushikamana na vitamini iitwayo biotini na kuuzuia mwili usiipate. Moto huiondolea avidini uwezo huo.

Jambo kubwa zaidi ni bakteria wa salmonela. Bakteria hawa huweza kuwapo juu ya ganda kwa sababu ya kinyesi cha kuku, na aina mojawapo huweza kuingia ndani ya yai likiwa bado tumboni mwa kuku, kabla ganda halijafungwa. Ndiyo sababu yai safi la kupendeza, lisilo na ufa wala harufu, laweza kuwa na viini vya maradhi. Lile jaribio la kulitumbukiza yai katika maji ili kuona kama litaelea hupima umri wa yai tu. Halipimi usalama wake. Kwa mtu mwenye nguvu, maradhi hayo huenda yakawa kuhara na homa ya siku chache. Kwa mtoto mchanga, mzee, mjamzito, anayetumia dawa za saratani, au anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, bakteria hao wanaweza kuingia katika damu na kuhatarisha maisha.

Ute wa yai huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 62 hivi za selsiasi, na kiini baada ya hapo kidogo. Kwa usalama, chakula chenye mayai kinapaswa kufikia nyuzi 71 katika kila sehemu yake. Supu inayochemka huvuka kiwango hicho kwa mbali, hata katika miji ya nyanda za juu ambako maji huchemka kwa joto la chini kidogo. Arusha, kwa mfano, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 95. Hapa ndipo ulipo ubora wa supu kuliko yai la kukaanga lenye kiini kinachochuruzika: nyuzi za yai ndani ya supu ni nyembamba, hivyo joto huzifikia mara moja.

Namna ya kupika

Mapishi ya kumimina yai lililopigwa katika supu inayochemka yanajulikana katika nchi nyingi. Wachina huiita supu yao kwa jina lenye maana ya supu ya maua ya yai, kwa jinsi yai linavyochanua likigusa maji ya moto. Waitaliano wa Roma wana yao, na Wagiriki huikoleza ya kwao kwa limau. Isichanganywe na mchuzi wa mayai wa kwetu, ambao mayai huchemshwa kwanza yakiwa mazima kisha yakatiwa ndani ya rojo la nyanya. Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa ajili ya jiko la nyumbani, liwe la mkaa, la gesi au la umeme.

Mahitaji ya mgonjwa mmoja:

– mayai 2;
– maji safi, au supu ya mifupa, kuku au samaki, nusu lita;
– mafuta ya kupikia, kijiko 1 cha chakula;
– kitunguu maji nusu, kilichokatwa vidogo sana;
– karoti 1 ndogo iliyokwaruzwa;
– tangawizi kipande kidogo, iliyotwangwa;
– unga wa ngano kijiko 1 cha chakula, uliokorogwa katika robo kikombe cha maji baridi hadi usiwe na madonge;
– chumvi robo kijiko cha chai, au isitiwe kabisa iwapo supu ya mifupa ilikwisha kutiwa chumvi;
– majani machache ya giligilani na kipande cha ndimu.

Hatua:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ikiwa yai lina uchafu, lioshe sasa hivi kabla ya kulivunja. Usioshe mayai siku ya kuyanunua na kuyaweka, kwa kuwa maji huweza kusukuma viini vya maradhi kupitia vitundu vidogo vya ganda.

2. Vunja kila yai peke yake katika kibakuli kabla ya kuyachanganya, ili yai bovu moja lisiharibu mengine. Yapige kwa uma mpaka kiini na ute viwe kitu kimoja. Usiyapige hadi yatoe povu. Nawa mikono tena.

3. Pasha mafuta katika sufuria kwa moto wa wastani. Kaanga kitunguu na tangawizi kwa dakika 2 hadi 3 vilainike bila kuungua, kisha tia karoti.

4. Mimina maji au supu, tia chumvi, funika na uache ichemke kwa dakika 5 hadi karoti ilainike.

5. Koroga tena ule unga uliolowekwa, kisha umimine huku ukikoroga supu. Acha itokote kwa dakika 3. Supu itakuwa nzito kidogo na ladha ya unga mbichi itatoweka.

6. Punguza moto, supu iendelee kutokota kidogo. Koroga kwa upawa kwa kuzungusha upande mmoja, na wakati supu inazunguka mimina mayai polepole kama uzi mwembamba kutoka juu kidogo ya sufuria.

7. Acha kukoroga kwa sekunde 10 hivi ili nyuzi zishikamane, kisha koroga taratibu mara moja au mbili. Acha ichemke kwa dakika 1 zaidi. Usione sehemu yoyote ya yai yenye mtelezo.

8. Ipua. Tia giligilani na matone ya ndimu wakati sufuria imeshatoka motoni, kwa sababu vitamini C ya ndimu hupungua ikichemshwa.

Bakuli hili litakuwa na protini takriban gramu 12 na nishati ya takriban kilokalori 300. Karibu nusu ya nishati hiyo hutokana na mayai, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutokana na kijiko kimoja cha mafuta. Kwa mgonjwa aliyekonda, mafuta hayo yasipunguzwe.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kumimina mayai kwa pamoja katika supu inayochemka kwa nguvu. Protini ya yai ikipatwa na joto kali kwa ghafula hujikaza na kutoa maji, na matokeo yake ni madonge magumu yanayokera ulimini. Unga uliotangulia kutiwa huzuia protini zisikazane mno, ndiyo sababu nyuzi hubaki laini. Ikiwa supu itakuwa na madonge, haijaharibika kama chakula. Lakini mgonjwa mwenye kichefuchefu huenda akaikataa, na supu iliyobaki katika bakuli haimnufaishi mtu.

Ama kuhusu vile vidonge na unga wa kukolezea mchuzi vinavyouzwa madukani, sehemu kubwa ya vitu hivyo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na ndimu zatosha kuleta ladha bila kumzidishia mgonjwa wa shinikizo la juu la damu au wa moyo mzigo asiouhitaji.

Hali kadhalika, familia isijinyime mayai kwa kungoja ya kienyeji. Rangi ya kiini hutegemea chakula alichokula kuku. Kiini cha manjano iliyokolea si ushahidi kwamba protini ni nyingi zaidi. Yai la kienyeji mara nyingi ni dogo na bei yake ni kubwa. Mwenye fedha ya yai 1 la kienyeji au mayai 2 ya kisasa, anunue mayai 2.

Kurekebisha supu kulingana na mgonjwa

Mwenye kichefuchefu, kama vile anayetumia dawa za kifua kikuu au za saratani. Harufu ya yai la moto huweza kumkera. Pikia mbali na alipolala, zidisha tangawizi, na uache supu ipoe kidogo kabla ya kumpelekea. Usimpe bakuli zima. Mpe nusu kikombe, kisha mwandalie nyingine baada ya saa 2 au 3. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye vidonda vya kinywa au koo. Usitie ndimu wala pilipili. Supu iwe ya uvuguvugu, na kitunguu na karoti visagwe au viondolewe.

Mjamzito na mama aliyejifungua. Katika baadhi ya jamii zetu wajawazito huzuiwa kula mayai kwa kuhofia kwamba mtoto atazaliwa bila nywele. Hakuna ushahidi wa kitaalamu wa jambo hilo, na mjamzito anayehitaji protini zaidi ndiye anayenyimwa. Mama aliyejifungua anaweza kula supu hii pamoja na mtori au vyakula vingine vya uzazi vya kwao.

Mtoto aliyetimiza miezi 6. Kabla ya umri huo maziwa ya mama pekee yatosha. Kuanzia hapo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri mtoto apewe kila siku chakula kitokanacho na wanyama, yakiwemo mayai. Tumbo la mtoto ni dogo, hivyo supu nyepesi humjaza bila kumlisha. Mpikie nzito, kwa maji nusu ya yale yaliyotajwa, bila chumvi, kisha uiponde. Anza kwa kijiko kimoja na umtazame. Akitokwa na vipele vinavyowasha, akivimba midomo au akipumua kwa shida, usimpe tena na umpeleke kituo cha afya bila kuchelewa.

Wazazi wasilitarajie yai lifanye miujiza. Nchini Ecuador, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watoto waliopewa yai 1 kila siku kwa miezi 6 walikua kwa urefu vizuri kuliko wenzao. Utafiti wa namna hiyohiyo uliofanyika Mangochi nchini Malawi haukuona tofauti hiyo ya urefu kwa jumla. Huko watoto wengi walikuwa tayari wakila samaki. Fundisho lililopo ni kwamba yai humsaidia zaidi yule ambaye sahani yake haina kitu kingine cha aina hiyo.

Mwenye kisukari au lehemu nyingi katika damu. Supu hii ina wanga kidogo, hivyo humfaa mwenye kisukari, ila anayetumia insulini asiihesabu kuwa mlo kamili bila ugali, viazi au mkate aliopangiwa. Kwa watu wengi yai 1 kwa siku halina madhara kwa moyo. Mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, au ambaye lehemu yake iko juu, aulize daktari wake, na anaweza kutumia kiini 1 na ute wa mayai 2.

Wasiopaswa kupewa bila ushauri

Mgonjwa wa kiharusi. Chakula kilicho na maji mepesi na vipande pamoja ni kigumu kumezwa kuliko chochote, kwa sababu maji hutangulia na kuingia katika njia ya hewa wakati ulimi bado unashughulika na vipande. Supu ya mayai ni ya aina hiyo hasa. Mgonjwa anaweza kupaliwa bila hata kukohoa, na baada ya siku mbili akapata nimonia. Asipewe kitu chochote kwa kinywa kabla mhudumu hajapima umezaji wake. Akiruhusiwa, supu isagwe na kufanywa nzito ya namna moja, mithili ya uji mzito, naye aketi wima wakati wa kula na kwa nusu saa baadaye.

Anayesubiri upasuaji. Anapoambiwa anywe maji tu, supu ya mayai haimo. Ina mafuta na protini, nayo hukaa tumboni kwa saa kadhaa. Mgonjwa akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na chakula, anaweza kutapika na matapishi yakaingia katika mapafu. Ndugu anayempelekea supu kwa siri akimwonea huruma anaweza kusababisha upasuaji kuahirishwa, au jambo lililo baya zaidi.

Mgonjwa wa figo. Ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine huenda akatakiwa kupunguza protini. Aliyekwisha kuanza huhitaji kuiongeza, kwa kuwa sehemu yake hupotea wakati wa kusafishwa. Maelekezo hayo mawili yanapingana, hivyo asifuate mlo wa mgonjwa mwenzake wa kitanda cha jirani.

Anayeharisha. Supu haichukui nafasi ya maji ya chumvichumvi ya ORS. Apewe ORS kwanza, na chakula kifuate.

Kuipeleka wodini

Katika hospitali zetu nyingi ndugu ndio wanaoleta chakula, na safari ya daladala huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Supu yenye mayai ikikaa katika uvuguvugu, bakteria huongezeka upesi. Suuza chupa ya chai yenye mdomo mpana kwa maji yanayochemka, imwage, kisha mimina supu ikiwa bado inachemka na ufunge mara moja. Ifike ikiwa ya moto kiasi cha kutoa mvuke. Ikiwa imesafirishwa katika chombo cha kawaida, iliwe ndani ya saa 2 tangu kuipuliwa. Itakayobaki isihifadhiwe chini ya kitanda kwa ajili ya jioni. Yenye kuwekwa ndani ya jokofu mapema inaweza kutumika siku inayofuata, mradi ichemshwe tena kabisa.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Usemi huo unatufundisha kumhudumia mgonjwa bila kungoja aombe. Lakini mhudumu wa afya anao wajibu wa kuuliza, tena kwa undani. Jibu la "amekula supu" halitoshi. Ulizeni: ndani ya supu mlikuwa na nini? Nyama aliila nani? Alimaliza vijiko vingapi? Alikula mara ngapi tangu jana? Mpimeni uzito angalau mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile, na muuandike katika faili lake.

Hali kadhalika, tambueni mahali ambapo supu haifai tena kuwa jibu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu maalumu ya lishe. Mtu mzima anayekonda bila sababu inayojulikana, anayeshindwa kumeza, au anayetapika kila anachokula, apelekwe kuchunguzwa. Kumwongezea mayai bila kumchunguza ni kuchelewesha ugonjwa usijulikane.

Kwa wagonjwa wengine wote, ushauri ni mwepesi kuutekeleza. Familia isiache kupika supu, maana ndiyo lugha inayotumia kumwambia mgonjwa kwamba yuko moyoni. Ila kabla sufuria haijaipuliwa, mayai 2 yaingie, yaive, na mgonjwa ayale.